Mapacha Walioungana ni Nafsi Mbili: Ni Lini Yafaa Kuwatenganisha?



Mnamo Oktoba 2023, mjini Riyadh, Saudi Arabia, jopo la wataalamu 35 lilifanya upasuaji wa saa 16 kuwatenganisha watoto wawili wa Kitanzania, Hassan na Hussein, waliokuwa na umri wa miaka miwili hivi. Walizaliwa wakiwa wameungana sehemu ya chini ya kifua, tumbo na nyonga. Allah akajaalia wote wawili wakatoka chumba cha upasuaji wakiwa hai.

Uzazi wa namna hii ni nadra. Inakadiriwa kutokea mara moja katika vizazi 50,000 hadi 200,000. Hata hivyo haubagui nyumba wala wilaya, na mzazi wa Nachingwea au Ruangwa anaweza kuulizwa na daktari: je, mnaridhia watoto hawa watenganishwe? Ni vyema jibu lake likatafutwa kabla ya siku hiyo.

Kwanza tujue tunazungumzia watu wangapi. Vitabu vya fiqhi vinasimulia kwamba Sayyidna Ali (RA) aliulizwa juu ya mirathi ya kiumbe mwenye vichwa viwili. Akaelekeza waangaliwe katika usingizi: akiamka mmoja na mwingine akabaki amelala, basi hao ni wawili. Tangu zama hizo, mwili kushikamana haukuhesabiwa kuwa sababu ya kufuta nafsi. Kila mtoto ana jina lake, akika yake na fungu lake la mirathi. Na ana haki yake ya kuishi.

Kutoka hapo hukumu ya kwanza haina uzito mkubwa. Ikiwa madaktari waaminifu wana matumaini yenye nguvu kwamba wote wawili watapona, upasuaji huo ni tiba, na Mtume (SAW) ametuhimiza kutafuta tiba. Kanuni ya sharia inasema madhara huondolewa. Kadhalika, kiungo cha ziada kisicho na kichwa wala uhai wake chenyewe hakiitwi mtu, na kukiondoa si kuua.

Uzito unakuja pale ambapo mmoja atapona na mwingine hana budi kufa. Mwaka 2000 wazazi Wakatoliki kutoka Malta walipata mapacha wa kike nchini Uingereza. Moyo na mapafu ya mmoja havikuweza kumhudumia, akawa anaishi kwa damu ya dada yake. Wazazi walikataa wasitenganishwe. Mahakama ya Rufaa ikaruhusu, kwa hoja kwamba wakiachwa watakufa wote. Mwezi Novemba walipasuliwa. Aliye dhaifu akafariki, mwenzake akaishi.

Wapo Waislamu wanaoiona hukumu ile kuwa sawa, wakitegemea kanuni ya kuchagua dhara lililo dogo. Hoja yao si ya kupuuzwa. Lakini Imam Ghazali aliwahi kujadili mfano wa chombo kinachozama, ambacho abiria wake wataokoka iwapo watamtupa mwenzao mmoja baharini. Akasema haijuzu, hata kwa kupiga kura. Na ipo kanuni nyingine, kwamba dhara haliondolewi kwa dhara mfano wake. Qur'an, katika Suratul Maida aya ya 32, imelinganisha kuiua nafsi moja bila haki na kuwaua watu wote. Kwa mtazamo wangu, maadamu mtoto dhaifu yu hai, hatuna ruhusa ya kuufanya uhai wake kuwa bei ya uhai wa nduguye. Likitokea jambo hilo, familia isiamue peke yake. Daktari na mwanazuoni wakae kikao kimoja.

Walio baleghe na wenye akili timamu huamua wenyewe. Ladan na Laleh Bijani, Waislamu wa Iran walioungana vichwa, walichagua upasuaji wakiwa na umri wa miaka 29 huku wakijua hatari yake. Walifariki Singapore tarehe 8 Julai 2003. Hapa kwetu, Maria na Consolata Mwakikuti, waliozaliwa Ikonda, Makete, hawakutaka kutenganishwa. Walisoma hadi chuo kikuu, na walifariki Iringa tarehe 2 Juni 2018 wakiwa pamoja. Hakuna aliyekuwa na haki ya kuwaita nusu ya mtu.

Sasa turudi nyumbani. Kwa Wamwera na Wamakua, ukoo hufuata upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito. Kisharia, walii wa mtoto ni baba. Haya mawili yasigeuzwe ugomvi wodini. Baba amshauri mjomba, wote wamsikilize mama aliyebeba mimba, kisha baba atie saini baada ya kuambiwa ukweli wote: nani anatarajiwa kuishi, kwa ulemavu gani, na nini kitatokea wakiachwa kama walivyo.

Mama mjamzito asikose kliniki, kwani kipimo cha picha ya tumbo kinaweza kuwaonyesha watoto walioungana mapema, akapewa rufaa ya kujifungulia hospitali kubwa. Wakishazaliwa, wasifichwe ndani, na asiwepo wa kumnong'oneza mama habari za uchawi au laana. Nasi tulio katika kamati za misikiti tuna wajibu wetu. Safari ya kwenda Muhimbili na kukaa huko wiki nyingi ni gharama ambayo mkulima wa korosho hawezi kuibeba peke yake nje ya msimu. Mchango wa Ijumaa moja unaweza kumfikisha mtoto kwa daktari kabla muda haujapita.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.