Ghala la Nyumba Huko Magunga

Mtu atokaye Mbita akifuata njia ya kusini hupita Sindo, kisha huendelea kuelekea vilima vya Gwassi mpaka afike Magunga, mji mdogo wa soko ulio kati ya vilima hivyo na Ziwa Victoria. Zamani nchi hiyo ilikuwa katika Wilaya ya Nyanza ya Kusini. Tangu 2013 imo katika Kaunti ya Homa Bay, na mwenye kuendelea na njia hiyo hufika Karungu na Sori, katika Kaunti ya Migori. Wenyeji ni Wasuba na Wajaluo, na wengi wao hushika jembe kwa mkono mmoja na wavu kwa mkono wa pili.

Katika masoko ya nchi hiyo huonekana jambo linalostahili kufikiriwa. Mwezi wa Agosti, mavuno ya masika yakiisha kupukuchuliwa, punda na pikipiki hushuka na magunia ya mahindi ya kuuzwa, na bei huwa ndogo kwa kuwa kila mtu anauza. Mwezi wa Mei wengi wa watu wale wale hurudi sokoni na mifuko mitupu mikononi, wakanunua mahindi kwa gorogoro, yaani ule mkebe wa bati wa mafuta ya kupikia upimao karibu kilo mbili. Wakati huo bei imekwisha kupanda. Aliyeuza kwa gunia hununua kwa mkebe, na tofauti ya bei humwendea mwenye duka na mwenye lori.

Yafaa hesabu ifanywe, maana watu wengi huweka akiba kwa kukisia. Kwa wastani Mkenya mmoja hula mahindi yapatayo kilo 98 kwa mwaka, watoto na wazee wakihesabiwa pamoja. Gunia la Kenya ni kilo 90. Basi kila kinywa nyumbani kinahitaji gunia moja kwa mwaka na zaidi kidogo, na nyumba ya watu saba inahitaji karibu magunia manane. Tuseme nyumba hiyo imevuna magunia kumi, ikaona ni mengi, ikauza matano mwezi wa Agosti. Yaliyobaki ni kilo 450. Kwa mwezi nyumba hula kilo 57 hivi. Kwa hiyo chakula hicho kitafika mwisho wa Machi, wala hakitafika Aprili. Mavuno ya vuli, yakija, huongeza wiki kadhaa. Lakini mvua ya vuli si ya kutegemewa, na mwaka mwingine haileti hata mbegu iliyotupwa ardhini.

Sasa tazama miezi ile ghala linapokuwa tupu. Aprili, Mei na Juni ni miezi ya palizi, ambapo mwili unahitaji nguvu kuliko wakati wowote. Tena sheria ya uvuvi ya Kenya imeweka miezi ya kufunga uvuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, tangu Aprili mosi hadi mwisho wa Julai, ili samaki hao wapate kuzaana. Kwa hiyo mahindi hupungua na kitoweo hupungua kwa pamoja, na yule mvuvi ambaye angenunua gorogoro kwa fedha ya omena hana fedha ya kununulia. Mwenye kujua hayo huanza kujitayarisha mwezi wa Agosti, wakati tumbo limeshiba na hakuna anayependa kusikia habari za njaa.

Hata hivyo si haki kusema kwamba anayeuza mapema ni mjinga. Karo ya shule hudaiwa, deni la mbegu hudaiwa, na mgonjwa hangoji bei ipande. Mwaka 2019 wataalamu watatu wa mambo ya uchumi, Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao miongoni mwa wakulima wa magharibi ya Kenya. Waliona kuwa mkulima akipewa mkopo wakati wa mavuno huyaacha mahindi yake ghalani, akauza kidogo kidogo baadaye na kupata faida. Kilichomfanya auze mapema kilikuwa haja ya fedha; hesabu aliijua tangu mwanzo. Liko na jambo la pili limfanyalo mtu auze haraka, nalo ni hofu ya wadudu: heri auze leo kuliko kumwachia fukusi. Juu ya haja ya fedha gazeti haliwezi kusaidia sana, lakini juu ya wadudu yako mengi ya kusema.

Wazee wa nchi hiyo walikuwa na dero. Ghala hilo lilisukwa kwa fito mfano wa kikapu kikubwa, likainuliwa juu ya mawe au miti ili mchwa na unyevu visilifikie, likakandikwa, na juu likafunikwa kwa paa la nyasi. Kila mke katika boma alikuwa na dero lake, na alilisimamia mwenyewe kwa ajili ya watoto wake. Mwenye boma naye alikuwa na shamba lake lililoitwa mondo, na mavuno yake yaliwekwa mbali. Hayakuguswa katika siku za shibe. Yalifunguliwa maghala ya wake yalipokwisha. Ulikuwa mpango wa akili nyingi, kwa sababu akiba ya mwisho haikuwa karibu na chungu cha kila siku. Tena ndani ya dero mlikuwa na mtama na wimbi zaidi kuliko mahindi. Wimbi hukaa miaka mingi bila kuharibika, kwa maana punje yake ni ndogo mno hata mdudu hapati nafasi ya kukua ndani yake.

Siku hizi dero limekuwa adimu. Nyasi na fito ni ghali, mafundi wa kusuka ni wazee, na juu ya hayo wezi wamefanya watu waogope kuacha chakula nje usiku. Magunia yameingia ndani ya nyumba, yakaegemea ukuta karibu na kitanda. Hapo mwizi hafiki, ila panya hufika. Na gunia lililowekwa juu ya sakafu tupu huvuta unyevu kutoka chini. Liwekwe juu ya mbao au mawe, liwe mbali kidogo na ukuta, ili mtu aweze kupita nyuma yake na kutazama.

Waswahili husema akiba haiozi. Akiba ya mahindi huoza, na huoza upesi, ikiwa iliingizwa ndani na unyevu. Mavuno ya masika huja wakati ambapo asubuhi kuna jua na alasiri wingu la ziwa linaweza kumwaga maji kwa ghafula; mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo mtupu hulowa tena kabla hayajakauka. Yaanikwe juu ya turubai au mkeka, yageuzwe mara kwa mara, na yakusanywe kabla ya mvua. Wengine huuma punje kwa meno wakaamini kwamba imekauka. Njia iliyo bora, na isiyo na gharama, ni ya chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi iliyokauka vizuri kiasi cha vijiko vichache, tia mahindi mpaka yafike theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi hayo bado ni mabichi, yarudishwe juani. Chumvi ikianguka chini yote, mahindi yanakaribia kufaa kuwekwa, na siku moja zaidi ya jua haitayadhuru.

Jambo hili si la kuokoa punje tu. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, na 125 kati yao walikufa. Mahindi hayo yalikuwa yamewekwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haina ladha, na kuchemsha ugali kwa muda mrefu hakuiondoi. Mahindi yaliyoota ukungu yasipewe kuku wala ng'ombe, wala yasichanganywe na mazuri ili yasipotee bure.

Kisha kuna wadudu wenyewe. Fukusi ni adui wa zamani. Dumuzi ni mgeni: alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora katika Tanganyika ya zamani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kufika 1983 alikuwa amevuka mpaka na kuonekana Taveta. Watanzania wengine walimpa jina la Scania, kama lile lori. Hula mahindi akayageuza unga, hula mihogo mikavu, na hata miti ya ghala huitoboa. Majivu, ambayo bibi zetu walichanganya na maharagwe kwa faida kubwa, hayamzuii sana. Dawa ya unga huwazuia wadudu hawa ikiwa ni halisi na imepimwa kama karatasi yake inavyoagiza. Lakini dawa ya kutia juu ya mbegu za kupanda ni nyingine kabisa, na mahindi yaliyotiwa hiyo hayaliwi.

Njia iliyosifiwa sana katika miaka ya karibuni haitumii dawa yoyote. Ni mfuko wa tabaka tatu, mifuko miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kusokotwa nje, uliobuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, pamoja na wakulima wa kunde wa Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980. Kazi yake ni rahisi kueleza. Mfuko ukifungwa vizuri hewa haiingii. Wadudu waliomo huimaliza ile iliyobaki, kisha hufa. Kwa hiyo mfuko wa namna hiyo haufai kufunguliwa kila jioni ili kuchota ya kusaga. Nyumba yenye busara hufungua mmoja tu, na mingine huiacha mpaka mwezi wake ufike, na huandika mwezi huo juu yake kwa kalamu nzito. Yapo pia mapipa ya bati yasiyopitisha hewa, ambayo shirika la utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, lilianza kuyaeneza Kenya na Malawi mwaka 2008. Panya hawezi kuyatoboa, bali bei yake huwashinda wengi, na baadhi ya majirani huona heri wachange.

Mahindi peke yake hayafanyi ghala. Unga uliosagwa pamoja na kiini huchacha baada ya wiki chache, kwa sababu ya mafuta yaliyomo katika kiini hicho. Basi asiye na haja asisage zaidi ya mahitaji ya wiki mbili. Karanga zikae na maganda yake. Maharagwe yaanikwe tena juani yanapoonyesha tundu la kwanza. Omena hununuliwa kwa bei nafuu kabla ya Aprili, lakini anunuaye aangalie kwamba walikaushwa juu ya chanja au wavu ulioinuliwa, kwa maana walioanikwa juu ya mchanga huleta mchanga mezani, na waliokaushwa nusu huchacha. Ng'ambo ya kusini ya ziwa hili hili, Wasukuma hukata viazi vitamu wakavianika vikawa michembe, au huvichemsha kwanza kisha wakavianika vikaitwa matobolwa, nao hula hivyo wakati wa kiangazi. Viazi vitamu vipo kwa wingi katika nchi ya Gwassi, na mara nyingi huachwa vikaoza shambani.

Yabaki mambo ya dukani: chumvi, sukari, majani ya chai, mafuta, sabuni. Hivi hununuliwa kila siku kwa vipimo vidogo, na mwenye kununua mafuta kwa kikombe hulipa zaidi ya anunuaye mtungi. Wanawake wengi wa Kijaluo wameungana katika vyama vya kuchangiana viitwavyo nyoluoro, na baadhi yao, badala ya kugawana fedha, hununua bidhaa kwa jumla wakagawana sukari na mafuta ya miezi kadhaa. Chumvi iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa meko, maana madini ya joto yaliyotiwa ndani yake hupungua ikiachwa wazi.

Pamoja na haya yote, lipo jaribu moja ambalo hakuna mfuko wa kulizuia. Msiba ukitokea bomani, wageni huja kwa mamia, tena kwa siku nyingi, na kuwanyima chakula ni aibu isiyosahauliwa. Magunia matatu huweza kwisha kabla ya matanga kwisha. Baadhi ya koo hufanya mapatano kwamba kila nyumba italeta debe moja penye msiba, ili ghala la wafiwa lisimalizike peke yake, na mapatano hayo yameokoa wajane wengi.

Ndani ya nyumba, swali la nani afungue gunia la mwisho bado huleta maneno. Zamani mondo lilikuwa la mume, naye ndiye aliyesema lini. Leo mara nyingi mume ndiye atakaye kuuza, na mke ndiye atakayeulizwa chakula na watoto mwezi wa Mei. Bibi mwenye msimamo humwambia, "Baba Akinyi, yale mawili ya pembeni nimekwisha kuyaandika Aprili na Mei. Haya mengine tuzungumze." Mara nyingi mazungumzo huwa marefu, na karo ya Akinyi imo ndani yake.