Mzigo kwanza, nguvu baadaye: steringi wa filamu na mpagazi wa Unyamwezi

Katika kibanda umiza, swali la kwanza huulizwa hata filamu haijaanza: steringi nani? Akishajulikana watu hutulia, maana wanajua hafi. Makala haya yanajaribu kueleza steringi huyu mwenye nguvu za ajabu ni mwanamume wa namna gani, kwa kumlinganisha na mwanamume mwingine aliyepita hapa kwetu Tabora, yaani mpagazi. Wapo watakaosema nalinganisha mbingu na ardhi. Wasubiri kidogo.

Tuchukue Spider-Man ya mwaka 2002, iliyoongozwa na Sam Raimi. Peter Parker, kijana wa shule, anang'atwa na buibui na kuamka na misuli. Nguvu hizo hakuzitolea jasho. Anakwenda kuzitafutia hela kwenye mieleka, anapunjwa malipo, na mwizi anapomwibia yule aliyempunja, Peter anampisha tu apite; si shughuli yake. Baadaye anagundua kwamba mwizi yuleyule ndiye aliyemuua Ben, mzee aliyemlea. Hapo ndipo wajibu unapozaliwa. Tazama mpangilio wake: nguvu kwanza, kosa likafuata, wajibu ukaja mwisho kama deni la majuto. Na deni lenyewe hulipwa kwa siri, nyuma ya kinyago, na mtu mmoja peke yake.

Huku kwetu mambo yalipangwa kinyume. Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba Wanyamwezi waliuona upagazi kuwa kipimo cha uanaume. Kijana hakupewa nguvu. Alipewa mzigo, pengine kilo 30 na zaidi, wa nguo, shanga au pembe ya ndovu begani, akatembea nao miezi kadhaa kati ya bara na Bagamoyo. Uanaume aliukuta njiani. Wengi waliondoka wakati wa kiangazi ili wawahi kurudi kulima, kwa hiyo hata kuchelewa kulikuwa na maana nyumbani: shamba lilisubiri.

Tena hakubeba peke yake. Mbele alitangulia kirangozi, mwenye kuijua njia, na nyuma walikuwapo wanawake na watoto waliobeba vyungu na vyakula. (Mary Jane wa filamu hana mzigo wowote, kazi yake ni kuning'inia hewani akisubiri kuokolewa.) Na posho ikipunguzwa, wapagazi waliweza kugoma, wakatua mizigo chini hadi mwenye msafara akubali kuzungumza. Hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Steringi haruhusiwi kutua. Akitua, jiji linaungua. Mpagazi alijua wajibu una kiasi, na kwamba mwenye mali naye anadaiwa.

Tusijidanganye lakini. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa waliofungwa minyororo, na nao walibebeshwa mizigo. Kwa mtu wa namna hiyo, kusema mzigo ulimfanya mwanamume ni kumtukana. Hoja yangu inamhusu aliyekwenda kwa hiari na kulipwa.

Hata vijana wa aina ya Peter walikuwapo: rugaruga, waliotangulia kupata bunduki kabla ya kaya. Mirambo wa Urambo aliwakusanya, na kuanzia mwaka 1871 akapambana na Waarabu wa Tabora hadi njia ya misafara ikafungwa kwa muda. Wakati wote alipokuwa hai, alijua jinsi ya kuwaelekeza. Jamaa huyu ni steringi kweli, na sishangai tunapomsifu. Ila filamu hukatika steringi akiwa ameshinda, taa zikawashwa, watu wakatoka. Filamu ya Mirambo ingebidi iendelee baada ya kifo chake mwaka 1884, wakati dola lililomtegemea mtu mmoja lilipoanza kumeguka, na wale vijana wakabaki na bunduki mkononi bila mtu wa kuwaambia waende wapi.