Chupa Ipi Baada ya Kupandikiza Nywele?

Shemeji yangu alirudi Dar es Salaam kutoka Istanbul amevaa kofia pana, kisogo kimejaa vidoti vyekundu kama aliyeangukia siafu, na mkononi ana mfuko wa dawa na chupa moja ya shampuu. Ilipofika wiki ya tatu akanipigia simu alfajiri.

"Shemeji, zinaondoka na maji."

"Zipi?"

"Hizi hizi nilizozilipia!"

Nilimkuta amezitandaza juu ya kitambaa cheupe. Zilikuwa fupi, za milimita chache tu. Baadhi zimeng'ang'ania kigaga kikavu, nyingine zina kitone cheupe kwenye ncha. Damu hakuna. Mtuhumiwa alikuwa ameshakamatwa: shampuu ya watoto aliyoinunua Kariakoo siku mbili kabla, ile ya kliniki ilipoisha. Na tiba nayo ilikuwa imeshaingia kwenye simu, ujumbe kutoka kwa muuzaji wa kliniki: seti ya chupa tatu za "kuzuia nywele kudondoka", euro 60, gharama ya kusafirisha juu yako.

Nikamwomba asitume hela mpaka tupige hesabu. Tuliikalia asubuhi nzima.

Nywele zina ratiba yake

Katika upandikizaji, mizizi ya nywele hutolewa kisogoni na kupandwa penye upara. Kuna njia ya kuutoa mmoja mmoja, inayoitwa FUE, na kuna ya kukata ukanda wa ngozi kisha kuugawa, yaani FUT. Kipandikizi kimoja hubeba unywele 1 hadi 4. Mwaka 1959 daktari wa New York, Norman Orentreich, alichapisha maelezo ya kwa nini jambo hili linawezekana: unywele wa kisogoni ukihamishiwa mbele hubaki na tabia ya kule ulikotoka.

Lakini kuhama si mchezo. Mzizi hukaa saa kadhaa bila damu, kisha unapasuliwa makao mapya. Ukishtuka, huingia usingizini na kuuachia unywele uliokuwa umeubeba. Kwa hiyo kati ya wiki ya 2 na ya 8 sehemu kubwa ya nywele zilizopandwa hupukutika, na mara nyingine za jirani yake pia. Kilichodondoka ni unywele. Mzizi umebaki chini ya ngozi. Machipukizi huanza kuonekana mwezi wa 3 au wa 4, hurefuka kama sentimita 1 kwa mwezi, na sura kamili husubiriwa kati ya mwezi wa 12 na wa 18.

Sasa itazame ratiba hiyo kwa jicho la mfanyabiashara. Mteja ana hofu wiki ya 3. Muuzie shampuu ya kutumia miezi mitatu. Mwezi wa 4 nywele zitachipua, kwa kuwa zilikuwa zichipue, na chupa itabeba sifa. Shampuu ya bei nafuu iliyokuwepo bafuni siku ya msiba itabeba lawama. Zote mbili hazikuhusika. Shampuu hukaa kichwani dakika moja au mbili kisha inasuuzwa. Kazi yake inaishia juu ya ngozi, ilhali mzizi umelala milimita kadhaa chini.

Siku ambazo chupa ina kazi kweli

Kuna kazi moja ambayo shampuu hufanya, nayo ni ya wiki mbili za mwanzo: kulainisha vigaga na kuondoa damu iliyokauka bila kuiwasha ngozi yenye vidonda. Siku za kwanza kipandikizi hakijashika. Ukucha mmoja unaweza kukitoa. Ikifika siku ya 10 hivi, kimeshaota.

Hapo namna ya kuosha ina uzito kuliko jina la chupa. Kliniki nyingi huagiza kupaka losheni au povu la kulainisha, kuliacha likae nusu saa au zaidi, kisha kuosha kwa maji ya vuguvugu yanayomiminwa kwa kikombe, kwa sababu bomba la mvua lina nguvu mno. Sisi tuliolelewa na ndoo na kopo hatuhitaji kufundishwa. Povu litengenezwe kiganjani, liwekwe kichwani kwa kugusa tu, bila kusugua. Taulo nalo ligandamize, lisifikiche. Kuanzia siku ya 10, au siku atakayoitaja daktari wako, ncha za vidole huzungushwa taratibu mpaka vigaga viachie.

Chupa kwa chupa

Bei hubadilika kwa mtaa na kwa msimu, kwa hiyo hizi ni za mfano; wewe weka za duka lako. Nimechukulia mililita 10 kwa kila muosho, kiasi kinachotosha kichwa chenye nywele fupi.

Sabuni ya mche au ya kuogea. Hakuna cha rahisi kuizidi, na wanaume wengi hatujawahi kuoshea kichwa kitu kingine. Kwa mwezi wa kwanza, iache. Ualkali wake, ule unaopimwa kwa pH, ni kati ya 9 na 10, wakati ngozi ya kichwa ipo karibu na 5.5. Ukiichanganya na maji ya kisima yenye chumvi, inaacha utando unaoganda juu ya vigaga.

Shampuu ya watoto. Chupa ya mililita 200 kwa shilingi 10,000 hutoa miosho 20: shilingi 500 kila mmoja. Ni laini, haina makali. Kasoro yake ni manukato, kwa hiyo tafuta isiyonukia au inayonukia kidogo.

Shampuu laini isiyo na salfeti wala manukato. Mililita 400 kwa shilingi 48,000, miosho 40: shilingi 1,200. Nyuma ya chupa, penye orodha, usikute "sodium lauryl sulfate" mstari wa kwanza. Inamfaa mwenye ngozi inayowasha haraka au mwenye pumu ya ngozi. Asiye na shida hiyo analipa zaidi ya mara mbili kwa tofauti ndogo.

Shampuu ya dawa yenye ketokonazoli. Mililita 100 kwa shilingi 15,000, miosho 10: shilingi 1,500. Hutumika mara mbili tu kwa wiki, kwa hiyo haiumizi mfuko. Lakini ni dawa ya mba na fangasi. Kama huna mba, huihitaji. Kama unayo, muulize daktari uianze lini, kwa sababu kidonda kibichi si mahali pake.

Shampuu ya kafeini au biotini. Mililita 250 kwa shilingi 45,000, miosho 25: shilingi 1,800. Mwaka 2018 msimamizi wa matangazo wa Uingereza aliwazuia watengenezaji wa Alpecin kudai kwamba shampuu yao ya kafeini inasaidia kupunguza upotevu wa nywele, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Nyingine hutiwa mentholi, na ule ubaridi unaochonyota humfanya mtu aamini kuna kitu kinaota. Ni ngozi tu inalalamika. Anayeongeza na vidonge vya biotini ajue kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya mwaka 2017 kuwa biotini huvuruga vipimo vya damu, pamoja na kile cha kubaini shambulio la moyo.

Seti ya kliniki. Chupa tatu za mililita 250 kwa euro 60. Tukikadiria euro moja kwa shilingi 3,000, ni shilingi 180,000 kwa miosho 75: shilingi 2,400 kila mmoja, bado usafiri. Tukaomba picha ya nyuma ya chupa. Ikaja: maji, "sodium laureth sulfate", chumvi, manukato, na karibu na mkia wa orodha, biotini. Viungo vya vipodozi huandikwa kuanzia kilicho kingi. Shemeji alikuza picha kwa vidole viwili, akaisoma mara mbili, akanyamaza.

Kisha tukafika kwenye hesabu ndogo iliyomaliza ubishi. Uangalizi wa pekee unahitajika kwa siku 14 hivi. Muosho mmoja kwa siku, mililita 10: jumla mililita 140. Chupa moja ya watoto inamaliza kazi yote na kubakisha. Baada ya hapo, daktari akiridhika kwamba ngozi imefunga, mtu hurudia polepole kwenye shampuu yake ya kawaida. Seti ya miosho 75 haina siku 75 za kufanyia kazi.

Pesa iende wapi

Shilingi 180,000 zina kazi nyingine. Ya kwanza ni kumwona daktari wa ngozi hapa hapa nyumbani, maana aliyekupandikiza yuko mbali na picha za simu hazigusi ngozi. Ya pili ni kumuuliza kuhusu nywele ambazo hazikupandwa. Hizo bado zina ugonjwa wake wa kupungua, na shampuu haiuzuii. Dawa zenye ushahidi kwa wanaume ni minoksidili ya kupaka, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1988, na vidonge vya finasteridi vya miligramu 1, mwaka 1997. Minoksidili yenyewe inaweza kuleta mpukutiko wiki za mwanzo, usije ukaitupa kwa hofu. Finasteridi inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa baadhi ya watu, na mjamzito haitumii kabisa. Zote mbili zina maswali ya kumuuliza daktari kwanza.

Nywele zetu za kipilipili nazo zina mambo yake. Hujipinda hata chini ya ngozi, hivyo chipukizi likikosa njia ya kutokea huacha kipele. Ukiviona vichache miezi ya mwanzo, usivitumbue, na mafuta mazito ya kichwani yasubiri. Mwenye historia ya makovu yanayovimba aliseme hilo kabla hajakatiwa tiketi. Kinyozi naye aambiwe mapema: mashine haipiti sehemu iliyopandwa mpaka daktari aruhusu, na ile pamba ya spiriti ibaki kwenye kopo lake. Kwa mwanamke ambaye nywele za mbele ziliondoka kwa misuko ya kubana, kurudia misuko ile ile ni kuing'oa mizizi aliyoilipia.

Na kuna siku ambayo hesabu za chupa zinawekwa kando. Usaha, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ngozi inayogeuka nyeusi, au siku za mwanzo kitu chenye nyama na damu kutoka pamoja na unywele: hapo ni hospitali, siku hiyo hiyo.

Shemeji hakutuma euro 60. Wiki ya 4 na ya 5 aliendelea kupukutisha, na kila asubuhi alinitumia picha ya kitambaa chake. Wiki ya 7 picha zikakoma. Mwezi wa 5 nilipita kwake jioni, akainamisha kichwa chini ya taa ya sebuleni bila kuombwa. Paji lilikuwa limeota vinyoya vyembamba, vimejikunja, havijai kiganja.

"Ungenunua ile seti," nikamwambia, "leo ungeapa ni yenyewe."

"Ningekuuzia na wewe," akajibu.

Chupa ya Kariakoo ilikuwa bado bafuni, imebaki kidogo. Mwanawe wa miaka mitatu ndiye anayeimalizia.