Kitendakazi Hujuaje Kinamhudumia Nani?

Katika hisabati, kitendakazi hakihitaji kitu ila kile kinachotiwa ndani yake. Ukitia 3 katika f(x) = x + 2, jibu ni 5, leo na kesho. Vitendakazi vya kompyuta havina raha hiyo. Vingi hutaka pia kujua muktadha wa kazi: ni mtumiaji gani anayehudumiwa, na ni sehemu ipi ya ukurasa inayojengwa.

Jambo hili huonekana wazi katika Vue, maktaba ya programu za JavaScript iliyotolewa na Evan You mwaka 2014. Toleo lake la 3, la mwaka 2020, humwezesha mtunga programu kuunda vitendakazi vidogo vidogo na kuviunganisha. Kupitisha muktadha kwa mkono kutoka kimoja hadi kingine ni adha. Kwa hiyo maktaba hutumia hila. Kabla ya kujenga sehemu fulani, huiandika katika kigeu kimoja cha pamoja, vitendakazi vyote huchungulia humo, na ujenzi ukiisha kigeu hufutwa.

Hila hiyo ni salama kwa sababu moja tu: JavaScript hutekeleza amri moja baada ya nyingine, na kitendakazi kilichoanza hakikatizwi. Lakini amri ya await, iliyoingia katika kanuni za lugha hiyo mwaka 2017, hukiruhusu kitendakazi kisimame kusubiri taarifa, na hapo kazi nyingine hupenya.

Mfano wake ni karani wa shule mwenye ubao mmoja mezani. Juma anaomba matokeo yake. Karani anaandika "Juma" na kumtuma tarishi masjala. Kabla tarishi hajarudi, anaingia Asha. Karani anafuta na kuandika "Asha". Tarishi anarudi, anasoma ubao, na matokeo ya Juma yanakabidhiwa Asha. Katika seva inayohudumia maelfu kwa pamoja, matokeo hayo yaweza kuwa salio la benki au cheti cha daktari.

Vue hukifuta kigeu mara kitendakazi kinaposimama. Kikiamka, hukuta kitupu na kutoa onyo, na onyo hilo, ingawa huwaudhi watunga programu, ni neema kuliko jibu la mtu mwingine. Katika Node.js, ambayo huendesha JavaScript kwenye seva, chombo kiitwacho AsyncLocalStorage kiliongezwa mwaka 2020. Hicho humpa kila tarishi karatasi yake yenye jina la mwenye jalada, wala hahitaji tena kuutazama ubao.

Wanafunzi wenye kompyuta wanaweza kulijaribu jambo hili. Watunge kitendakazi kinachoandika jina katika kigeu cha pamoja, kisubiri sekunde 1, kisha kichapishe kilichomo. Wakiite kwa "Juma", na papo hapo, pasipo kusubiri, wakiite kwa "Asha". Kioo kitaonyesha "Asha" mara mbili.