PIN ya KRA Kabla ya Kwenda Kazini Ng'ambo
Mkazi wa Kitui au Makueni anayejiandaa kwenda kazini Saudia au Qatar atahitaji PIN ya KRA, hasa kufungua akaunti ya benki ya kuwekea akiba huku nyumbani. PIN hutolewa bure kwa nambari ya kitambulisho; anayedai pesa za "kununua PIN" ni tapeli. Vituo vya Huduma vya Kitui na Wote husaidia. Baruapepe inayosajiliwa iwe ya msafiri mwenyewe, si ya ajenti wala ya mwenye saiba, maana akisahau nywila, mpya hutumwa huko. Hata akiwa ng'ambo, ritani huwasilishwa kila mwaka kufikia Juni 30. Akichelewa, faini si chini ya shilingi 2,000.