Dhana Wakati wa Vita na Haki ya Jirani Aliyehamia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Vita vinapozuka baina ya nchi mbili, mtu aliyehama kutoka nchi ya adui hubadilika machoni mwa watu kwa usiku mmoja. Jana alikuwa jirani, leo anaitwa jasusi. Je, sharia inasema nini juu yake, na jirani yake ana wajibu gani? Tutaieleza mas-ala hii kwa kisa kimoja cha historia.

Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani zilishambulia bandari ya Pearl Harbor huko Hawaii, na Marekani ikaingia vitani. Katika jimbo la California walikuwako wakulima wengi wenye asili ya Kijapani. Wazee wao walikuwa wamehamia huko miaka mingi kabla, lakini sheria za wakati ule ziliwazuia kuomba uraia, na kizuizi hicho hakikuondolewa mpaka mwaka 1952. Watoto wao waliozaliwa pale walikuwa raia. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt alitia saini Amri Nambari 9066. Kwa amri hiyo watu wapatao 120,000 waliondolewa majumbani mwao na kuwekwa makambini, na kiasi cha thuluthi mbili yao walikuwa raia. Waliruhusiwa kuchukua kile tu walichoweza kubeba.

Hoja ilikuwa nini? Jenerali John DeWitt, aliyesimamia ulinzi wa pwani ya magharibi, aliandika mwezi huohuo kwamba kutotokea hujuma yoyote mpaka siku ile ni dalili ya kutia wasiwasi kwamba hujuma itatokea. Hebu tuizingatie hoja hii. Mtu akifanya uovu ana hatia, na asipofanya, utulivu wake nao unahesabiwa kuwa hatia. Mtuhumiwa wa namna hii hana njia yoyote ya kujitoa.

Mafaqihi wetu waliufunga mlango huu zamani. Miongoni mwa kanuni zao ni kwamba yakini haiondoki kwa shaka, na kwamba asili ya mtu ni kutokuwa na dhima mpaka ithibiti. Kanuni hizi zina misingi katika Qur'ani Tukufu. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6 inatuamrisha tuichunguze habari inayoletwa na fasiki, na aya ya 12 inatukataza dhana mbaya na kupelelezana. Suratul An'am, aya ya 164, inatufundisha kuwa hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Basi mkulima wa California habebi dhambi ya rubani wa Japani kwa sababu tu babu zao ni wa nchi moja.

Huenda msomaji akauliza: je, dola haina haki ya kujilinda? Inayo. Hatib bin Abi Balta'a (r.a.) alipowaandikia Makureshi kuwapa habari za safari ya Mtume (s.a.w.) kabla ya kufunguliwa Makka, barua yenyewe ilikamatwa. Hata hivyo aliitwa, akaulizwa, akasikilizwa udhuru wake. Kulikuwa na mtu mmoja, kitendo kimoja na ushahidi mkononi.

Tena wafasiri wameeleza kuhusu aya ya 105 na zinazofuata katika Suratun Nisaa kwamba deraya iliibwa Madina, na jamaa za mwizi wakamsingizia Myahudi. Aya zikateremka kumtakasa Myahudi yule na kukataza kuwatetea wahaini. Undugu wa dini haukumfaa mwizi, wala ugeni wa dini haukumdhuru asiye na hatia.

Sasa tuje kwa jirani. Huko Florin, karibu na Sacramento, iliishi familia ya Tsukamoto, iliyolima mizabibu. Ilipobidi waondoke, Al Tsukamoto alimwendea mkaguzi wa kilimo aitwaye Bob Fletcher. Hawakuwa marafiki wa karibu. Alimwomba atunze mashamba ya familia mbili za rafiki zake na kulipa kodi na madeni ya rehani, na faida yote iwe yake. Fletcher aliacha kazi, akalitunza na shamba la Tsukamoto pia. Yote matatu yalikuwa ekari 90. Alilala katika banda la vibarua, na alipooa, mkewe naye alichagua kukaa humo kuliko kuingia katika nyumba ya wenyewe. Watu walimtukana, na risasi ikapigwa kwenye ghala la Tsukamoto. Familia iliporudi mwaka 1945 ilikuta shamba lipo, nyumba imesafishwa, na fedha zao ziko benki. Fletcher alikuwa amechukua nusu tu ya faida. Wengine wengi waliokosa mtu wa kuwalipia madeni walipoteza mali zao.

Sisi Waislamu tunaijua amana ya namna hii. Usiku wa Hijra Mtume (s.a.w.) alimwacha Ali (r.a.) Makka ili azirudishe amana za Makureshi, nao ndio waliopanga kumuua. Ikiwa mali ya adui wa kweli hurudishwa, itakuwaje mali ya jirani anayedhaniwa tu?

Tume iliyoundwa na Bunge la Marekani ilieleza mwaka 1982 kuwa chanzo cha jambo lile kilikuwa ubaguzi wa rangi, taharuki ya vita na udhaifu wa viongozi. Mwaka 1988 serikali iliomba radhi na kuamua kuwalipa waliokuwa hai dola 20,000 kila mmoja. Wazee wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Enyi maimamu na wanafunzi, sisi huumia tunapodhaniwa vibaya kwa ajili ya majina yetu na mavazi yetu. Basi tujiulize tunasema nini barazani juu ya familia iliyohamia mtaani kwetu ikikimbia vita, na wangapi kati yetu wangeshika funguo za nyumba yake. Mwenye neno hili la kusema aliseme juu ya mimbari kabla vita havijaja, kwani vikija wasikilizaji huwa wachache.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.