Je, Wajua? Kanisa Dogo Kwenye Mteremko wa Mai Mahiu

Je, wajua kwamba barabara ya zamani inayoteremka Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, nchini Kenya, ilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia? Ukishuka, mbele yako husimama Mlima Longonot, volkano yenye urefu wa mita 2,776. Mteremko unapokaribia kwisha, kando ya barabara utaona kanisa dogo la mawe ambalo mateka hao walilijenga mwaka 1942.

Dereva, usitegemee breki pekee hapo: zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika. Shuka kwa gia nzito, ufike salama, kisha usimame uwakumbuke waliochonga njia hiyo.